Tindikali na Ulimi wa Baba Mkwe

Nilijua kutengeneza betri ya gari kabla sijajua kupika ugali ambao mtu angeweza kuumaliza. Nalisema hili bila aibu. Wasichana wenzangu wa Magarama, pale Gitega, walifundishwa kusuka nywele na kufuma vitambaa vya meza. Mimi nilifundishwa tindikali, na sketi zangu zote zilikuwa na matundu kama chekeche.

Baba alijifunzia kazi kwenye gereji ya Mbelgiji mmoja. Uhuru ulipokuja Mbelgiji akafunga virago, baba akabaki na mashine ya kuchajia na chupa tatu kubwa za kioo zilizovikwa vikapu. Ndani yake mlikuwa na tindikali, ambayo sisi tuliiita aside, kwa Kifaransa chetu cha uani. Kaka zangu walikimbilia biashara ya vitenge kwa sababu kitenge hakimuunguzi mtu. Mimi niliipenda ile kazi tangu siku ya kwanza. Gari lilikuja limesukumwa na wanaume sita, wametoa jasho na matusi, halafu liliondoka linanguruma lenyewe. Hata magari ya mbali, ya huko Mutoyi, yalituletea betri zao.

Kanuni za baba zilikuwa chache, na alizirudia mpaka nikamchoka. Unapochanganya, tindikali ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, polepole. Ukikosea ukamimina maji ndani ya tindikali, itachemka papo hapo na kukurukia usoni. Maji yenyewe ni ya mvua, yaliyokingwa kwa beseni katikati ya ua, moja kwa moja kutoka mawinguni. Maji yaliyopita kwenye bati yamebeba kutu, na kutu inaua betri. Tena ndoo ya maji ya majivu ikae karibu siku zote, ili tindikali ikikurukia ujimwagie kwanza. Kelele utapiga baadaye.

Lakini somo kubwa lilikuwa lile aliloniuliza kila wiki, mimi nimeshika kitambaa, yeye anafungua vifuniko.

"Batiri ikitoa moto ya kuwasha gari, aside inakwenda wapi?"

"Inaingia ndani ya sahani za risasi, baba. Inalala mule. Huku nje inabakia maji."

"Na tukiichaji?"

"Aside inatoka tena."

"Na moteri ikipata joto, batiri inakunywa nini?"

"Maji tu. Aside haiguse."

"Basi batiri ikipungua unaongeza nini?"

"Maji."

"Na ikichoka?"

"Naichaji. Aside naongeza tu kama ilimwangika."

"Njo vile," alisema, na siku hiyo nilikuwa nimestahili chakula cha mchana.

Ili kujua kama tindikali imelala au imetoka, tulitumia kifaa alichokitengeneza mwenyewe: kijichupa chembamba cha vidonge, vipande vya risasi chini, mdomo umezibwa kwa nta ya mshumaa. Kwenye betri iliyochoka kilizama karibu kizima. Kwenye betri iliyoshiba kilielea, kikachomoza shingo. Alikikwaruza mistari miwili, mmoja wa uchovu, mmoja wa shibe, na kikituambia neno, neno hilo lilikuwa halina rufaa.

Nilipochumbiwa na kijana wa Muyinga niliambiwa ni mfanyabiashara wa nguo, mpole, anaswali. Nikaitikia tu. Kisha nikaambiwa babake ni fundi betri. Hapo nikafurahi kweli kweli. Mume wangu analijua hilo, nimemwambia mara nyingi, naye anasema heri angeoa mwanamke anayependa vitenge. Nilimwomba baba anipe kile kijichupa nikiweke kwenye sanduku la harusi. Akakataa.

"Kifaa ya kazi haiolewi," alisema. "Utajitengenezea yako."

Nyumba ya wakwe zangu ilikuwa chini ya soko la Muyinga, kando ya barabara inayopandisha malori kwenda mpakani Kobero. Mbele palikuwa na kibanda cha bati, jenereta, mashine ya kuchajia na msururu wa betri. Nyuma ya uzio wa matete palikuwa na jiko, na jikoni ndiko nilikowekwa. Kwao mkazamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye moja kwa moja, sembuse kumkosoa mbele ya watu. Neno lako linapita kwa mama mkwe, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Niliyakubali yote. Nililelewa vizuri, hata kama sketi zilikuwa na matundu.

Kilichonitesa ni kwamba uzio wa matete una nyufa.

Niliona kila kitu. Baba mkwe alikuwa mzee mwenye heshima zake, mcheshi, mikono mizuri ya kazi. Lakini alikuwa na desturi aliyorithi kwa mwalimu wake. Akiletewa betri iliyochoka alichovya ncha ya kidole, akagusa ulimi, akatema, akafumba macho kama mpishi wa pilau. Meno yake ya mbele yalikuwa yameliwa nusu kwa kazi hiyo. Kisha alitoa hukumu: "Imekuwa maji." Akafungua stoo, akatoa tindikali, akaongeza. Mteja mmoja alipomuuliza kama haitazidi, alijibu, "Dawa ya moto ni moto, bwana."

Nusura niurukie uzio. Ulimi wake haukuwa umemdanganya hata kidogo! Betri iliyochoka ina ladha ya maji kweli, kwa sababu tindikali imelala ndani ya risasi. Yeye akawa anaongeza nyingine juu yake. Betri ikichajiwa, ile ya kwanza inaamka, ya pili ipo, na zote mbili zinaanza kula sahani za risasi na vibao vinavyozitenganisha. Betri inawaka kwa hasira mwezi mmoja au miwili, halafu inakufa. Mteja anarudi, inaonjwa, inaongezwa. Msururu pale mbele haukuwa wa wateja wengi. Walikuwa wateja walewale wakirudi.

Nilimwambia mama mkwe tukiwa tunachambua mchele. Aliweka ungo chini akanitazama.

"Niende nimwambie mwanaume aliyefanya kazi hii miaka makumi mbili, kama mtoto aliyekuja juzi na sanduku anamurekebisha?"

"Mama, mi sisemi kwa ubaya."

"Najua. Chambua mchele."

Nikachambua mchele. Lakini mikono iliniwasha. Mwezi wa pili wa ndoa niliomba kijichupa cha vidonge kwa muuguzi wa zahanati, nikaokota vipande vya risasi vilivyoanguka nje ya kibanda, nikayeyusha nta, nikatengeneza cha kwangu. Wakati baba mkwe yuko msikitini nilikijaribu kwenye betri mpya iliyoshiba na kwenye maji matupu, nikakikwaruza mistari. Kisha nikakificha ndani ya kopo la hiliki, na kila nilipopika chai nilikiona na kuona uchungu.

Ramadhani ya kwanza ikanikuta na mimba ya miezi mitano, sifungi. Katika nyumba ya watu wanaofunga, mwanamke asiyefunga ndiye anayeonja chakula cha wote. Nilionja mchuzi, nilionja uji, nilionja mpaka majirani wakaniletea sufuria zao.

Katikati ya mfungo akaja mfanyabiashara mmoja Mkongomani, Mkristo aliyekimbia machafuko ya kwao Kivu akatulia Muyinga. Alikuwa na lori la kuleta ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, kutoka Uvira, na ndiye mteja aliyewavuta wengine wote, kwa sababu alikuwa na sauti na watu walimwamini. Safari hii alikuja kwa miguu. Lori lilikuwa limelala barabarani, na vijana walikuwa wamebeba betri zake mbili kwenye baiskeli.

"Mzee, mi nakuheshimu," alisema, nami nasikia kupitia uzio. "Lakini hii ni mara ya tatu mwaka hii moja. Kamyo inalala njiani sawa mulevi, mvua inanyeshea ndagala yangu. Nakupa siku ine. Nikirudia hapa na kamyo haiwake, nakwenda kwa fundi ya Ngozi. Na sitakwenda peke yangu."

Hakutukana. Ingekuwa afadhali angetukana. Jioni wakati wa futari baba mkwe hakugusa tende ya pili. Alimwambia mkewe, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, kwamba mtu huyo akiondoka atauza jenereta na mashine, arudi kulima mihogo kwa kaka yake. Mama mkwe alianza kulia kimya. Na mimi, Mungu anisamehe, sikuwaza njaa yetu kwanza. Niliwaza kwamba mashine ikiuzwa sitashika tena betri maishani mwangu, nitakuwa mwanamke wa kuonja michuzi basi.

Asubuhi mama mkwe akaingia jikoni, ameshika kikombe cha udongo, haya imemjaa uso mzima.

"Baba yenu iko na shida. Amefunga, hawezi kuonja. Anasema, kwa sababu we haufunge, kuja umuonjee aside kidogo. Sawa vile unatuonjea muchuzi."

Nilicheka. Kisha nikakasirika. Mtoto akanipiga teke tumboni, nadhani naye alikuwa na maoni yake. Nikalivuta kopo la hiliki.

"Mama, mwambie baba mi sionje aside na mutoto iko ndani. Lakini kama ananikubalia siku mbili na batiri zile, nitampa ulimi ya kioo. Hii haifunge, na haiungue."

Nilisikia mazungumzo marefu nyuma ya uzio. Kisha mama mkwe akarudi akasema niende.

Kwa mara ya kwanza nikasimama kibandani. Baba mkwe alikaa kwenye kigoda, macho barabarani, mama mkwe akasimama katikati yetu. Ufunguo wa stoo ya tindikali ulikuwa umefungwa kwenye msuli wa baba mkwe kiunoni, kama siku zote. Nikafungua vifuniko, nikatumbukiza kijichupa. Kikazama mpaka juu ya mstari wa uchovu.

"Mwambie," alisema baba mkwe kwa mkewe aliyekuwa hatua moja kutoka kwangu, "inaonekana hata kwa macho. Ni maji. Inataka aside."

"Mama, mwambie baba asiongeze hata tone. Achaji tu, polepole, mpaka kesho jioni."

"Amesema..."

"Nimesikia," alisema baba mkwe.

Akawasha jenereta. Sijui kama ni kwa kuniamini au kwa kukata tamaa. Haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali neno hilo ni la kweli kuliko kwenye betri. Nikaweka umeme mdogo, nikakaa karibu, nikagusa mbavu za betri kila baada ya muda kuona kama zimepata joto. Alasiri ya pili zikaanza kutoa mapovu madogomadogo, zote, kila tundu. Nikafungua. Baba mkwe akasogeza kigoda.

Nikatumbukiza kijichupa. Hakikuzama. Kiliruka juu, kikapita mstari wa shibe, kikachomoza shingo yote nje na sehemu ya kiwiliwili, kimeinama upande kama mtu anayechungulia dirishani.

Baba mkwe alisimama. Alishika ufunguo kiunoni, upo. Alikwenda stoo, akatazama chupa, akatazama alama aliyoweka kwa mkaa, hakuna kilichopungua. Akarudi, akainama juu ya betri mpaka nikahofia ndevu zake zitaungua. Kisha akanitazama mimi, moja kwa moja, akasahau kabisa kwamba kuna mama mkwe.

"Imetoka wapi?"

"Ilikuwa imelala ndani ya risasi, baba. Batiri ikichoka inaingia mule. Ukionja unapata maji, ni kweli. Lakini haikupotea. Zote ulizoongeza mwaka huu ziko humu."

Alikaa. Alikuwa amefunga tangu alfajiri na midomo yake ilikuwa mikavu.

"Basi ni mi nilikuwa naziua," alisema.

Nilikuwa na hamu kubwa ya kusema ndiyo. Nilinyamaza, na katika maisha yangu yote sikumbuki adabu iliyonigharimu zaidi ya ile.

Iliyobaki ilikuwa kazi, na kazi niliijua. Kwa mpira wa kunyonyea nikatoa tindikali iliyozidi, tundu kwa tundu. Mvua ya asubuhi nilikuwa nimeikinga kwa beseni mbali na bati, nikajazia hayo maji, nikachaji tena ili vichanganyike, nikapima, nikatoa, nikajazia. Hapo ndipo nilipoogopa. Pamoja na tindikali mpira ulinyonya matope ya rangi ya kahawia, nayo matope hayo ndiyo nyama ya sahani zilizokwisha kuliwa. Kama zimeliwa sana, hakuna kanuni ya baba itakayozirudisha. Nilimwambia baba mkwe ukweli: moja iko nzuri, ya pili sina hakika. Akaitikia kwa kichwa, akaniletea mwenyewe ndoo ya maji ya majivu akaiweka karibu na mguu wangu. Siku ya tatu kijichupa kilisimama sawa na mstari wa shibe katika matundu yote kumi na mawili, hakizidi, hakipungui. Nikalia kidogo, nikasingizia moshi wa jenereta.

Siku ya nne Mkongomani akaja na dereva wake. Betri zikafungwa kwenye lori lililosukumwa mpaka mbele ya nyumba, na nusu ya soko ikaja kutazama, maana habari za aibu ya mtu husafiri bure. Nilirudi nyuma ya uzio. Dereva akazungusha ufunguo. Lori likaguna. Likaguna tena, zito, likanyamaza. Nilijishika tumbo kwa mikono miwili. Mara ya tatu likashika, likatoa wingu la moshi mweusi, likanguruma hadi matete ya uzio yakatetemeka, na mama mkwe akapiga vigelegele vilivyofika Kobero. Mkongomani alipanda akasema, "Tutaona kama itarudi," na akaondoka kwenda Uvira.

Siku hizo za kungoja zilikuwa ndefu kuliko mfungo wenyewe. Ikaja Idd, tukala, tukavaa, na kila lori lililoshuka mlimani baba mkwe aligeuza kichwa. Kumbe na yeye alikuwa akilingoja lori lile kama mimi.

Mkongomani alirudi siku ya pili ya Idd. Tulisikia honi kabla ya kuliona lori. Nyuma yake walikuja wenye malori wengine watano, na vijana wamebeba betri mabegani. Mkongomani akashuka akicheka.

"Mzee! Kila asubuhi kamyo inawaka mara moja! Uvira, Bujumbura, Gitega, mara moja! Ulifanya nini?"

Nilikuwa nyuma ya uzio, jicho kwenye ufa. Nasema ukweli: nilijua atajibu nini. Angesema amebadilisha dawa, angesema siri ya ufundi, na hakuna mtu ambaye angemlaumu, mzee wa umri ule mbele ya wateja wake. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kumsamehe.

"Sikufanya kitu," alisema. "Batiri zako mi njo nilikuwa naziua. Nilikuwa naongeza aside kila mara, na haikukuwa aside ilipungua. Zenu pia niliziua. Munisamehe. Aliyeponesha hizi ni mukazamwana wangu, binti ya fundi wa Gitega."

Mmoja wa wenye malori alitaka kucheka, Mkongomani akamtazama, akaacha. Mimi nilikuwa nimeuma ncha ya ushungi ili nisitoe sauti. Katika nyumba ile na katika mji ule nimeona wanaume wengi wenye nguvu, lakini sijaona hata mmoja aliyebeba kitu kizito kama alichobeba baba mkwe dakika ile.

Akapokea betri ya kwanza, akaiweka mezani, akafungua kifuniko. Maji yalikuwa chini, sahani zinaonekana. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka ishirini, ukaenda wenyewe kwenye chupa ya tindikali. Ukasimama pale. Kisha akageukia uzio, akaniita mimi, si mkewe, kwa sauti, mbele ya wanaume wote na soko lote:

"Mama! Hii niongeze nini?"

"Maji, baba," nilisema kupitia ufa.

"Kuja useme huku mbele. Wakusikie."

Nikafungua mlango wa matete, nikatoka na tumbo langu mbele, nikasimama kati ya wale wanaume na betri zao, nikainua uso.

"Maji," nilisema. "Ya mvua."